Maharagi yenye chuma: jicho haliwezi kuyatambua

Ukipanda kutoka Miti kuelekea Tshibinda unapita karibu na Mulungu, kituo cha INERA, ambapo mbegu zinachaguliwa tangu wakati wa Wabelgiji. Wengi wetu tunakijua kwa nje tu. Kumbe huko ndani watafiti wanashughulika na jambo linalogusa sufuria zetu: maharagi yenye madini mengi ya chuma.

Bila chuma mwili hautengenezi damu ya kutosha. Mwanamke hupoteza damu kila mwezi, halafu mimba nayo inadai sehemu yake. Mama akiingia chumba cha kuzalia damu yake ikiwa chache, na damu nyingi ikatoka, hana akiba. Tunaambiwa tule nyama na maini. Sawa, lakini mara ngapi kwa mwezi? Maharagi ndiyo tunayo. Basi watafiti walijiuliza: badala ya kumwambia mama abadilishe chakula, kwa nini tusibadilishe haragi lenyewe?

Hawakulichoma sindano. Walitafuta aina ambazo tangu asili zina chuma kingi, wakazichanganya na zile zinazozaa vizuri. Maharagi ya kawaida yana chuma kama miligramu 50 kwa kilo. Lengo lao lilikuwa 94. Mojawapo ya mbegu zilizotolewa hapa Kongo inaitwa HM 21-7. Mwaka wa 2016, Howarth Bouis, aliyeanzisha kazi hii ya kuongeza lishe ndani ya mbegu, alishiriki Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Je, yanasaidia kweli? Majibu yalipatikana kwa jirani zetu Rwanda. Huko Huye, mwaka wa 2013, wasichana 195 wa chuo kikuu wenye chuma kidogo mwilini walikula maharagi kila siku kwa siku 128. Wengine ya chuma, wengine ya kawaida. Waliokula ya chuma waliongezeka damu kuliko wenzao, kwa gramu 3.8 hivi katika kila lita. Kumbukumbu na umakini wao pia vilikuwa bora. Kula maharagi mara mbili kwa siku, mimi haikunishangaza. Huku kwetu nani angeshangaa?

Gramu hizo si nyingi. Mama mjamzito asiache vidonge vya chuma anavyopewa kwenye CPN, na mtoto mwenye viganja vyeupe apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, maana malaria na minyoo pia vinamaliza damu.

Shida iko sokoni. Chuma hakionekani. Haragi la chuma na la kawaida vinaweza kufanana rangi na ukubwa, na ni maabara tu inayoweza kuvitofautisha. Muuzaji akikuapia, hata yeye hajui kama mbegu yake ilichanganywa njiani. Na miaka hii ya kukimbia vita, familia ngapi zimekula mbegu au kuziacha nyumbani?

Lakini haragi lina jambo moja zuri: linajichavusha lenyewe. Ukipanda mbegu safi, ukavuna na kuchagua vizuri, msimu ujao itatoka ile ile bila kununua tena. Kwa hiyo kikundi kinaweza kupata kilo chache zilizothibitishwa kutoka Mulungu, kikazipanda kwenye shamba la peke yake, kikazianika kwenye shiti la peke yake, na kuweka mfuko wenye jina kwa mama mmoja anayeaminika. Asiyepewa ufunguo atanung'unika, mnajua.

Jikoni, tia nyanya au kamulia limau, chuma kitaingia mwilini vizuri zaidi. Ile chai ya milima yetu inakizuia. Iache kwanza, uinywe saa moja au mbili baada ya kula.