2024 Ilipita Masaku Pia

Kuna wasee bado hubonga ka 2024 ilikuwa ya Nairobi pekee, ati sisi mayut wa Masaku tulikuwa tunaicheki tu kwa simu. Zii. Ukishafika Mlolongo uko Machakos Kaunti tayari, na kutoka hapo, Athi River, Kyumbi hadi tao, huo mwaka uligonga kila stage.

Ulianza na kilio. Februari 11 Kelvin Kiptum alituacha, ajali ya ndai karibu na Kaptagat, yeye na kochi wake Gervais Hakizimana. Miaka 24 tu, na miezi minne nyuma alikuwa amepiga marathon ya Chicago 2:00:35, rekodi ya dunia. Huku marathon si stori ya Wakale peke yao. Patrick Makau, msee wa kwetu, ndiye alivunja rekodi ya dunia Berlin 2011 na 2:03:38, na Cosmas Ndeti alibeba Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Wabuyu wa tao wanaijua hiyo kwa kichwa, so hiyo wiki hakuna mtu alihitaji kuelezwa ni nini imepotea. Halafu mvua ikakam. Aprili maji iliingia keja za watu Athi River, shule zikakaa zimefungwa hadi Mei 13, na madaktari nao walikuwa wamegoma siku 56. Ukiugua hapo katikati, ulikuwa pekee yako.

Sasa Juni.

Mswada wa Fedha ulikuwa unataka mkate ukatwe VAT ya 16%, na ndai ilipiwe 2.5% ya bei yake kila mwaka. Gava ilikuwa inasaka ka bilioni 346 ingine kutoka kwa watu wale wale. Lakini kodi peke yake si ndio ilitutoa kwa nyumba, juu kodi tumelipishwa miaka yote na tukanyamaza. Kenye kilibadilika ni kusoma. Mayut waliushika huo mswada, kurasa kwa kurasa, wakaurusha TikTok kwa Sheng, kwa Kikamba, kwa Kijaluo, kwa lugha ya ishara. Base ya nduthi, mahali stori hukuwanga Arsenal na bei ya mafuta, wasee wakaanza kubishana kuhusu vifungu. Mathe wa kibanda anakuuliza hiyo ya mkate imeandikwa wapi, na unamwonyesha. Mimi naheshimu hiyo kitu kuliko hata maandamano yenyewe. Mheshimiwa amezoea kukuja na kofia, tisheti na soo mbili. Hajazoea kuulizwa swali na mtu amesoma.

Na maandamano ya kitambo yalikuwa na mwenyewe. Mzito anaita, mnatoka, mzito anaenda kukunywa chai Ikulu, mnarudi kwa nyumba na machozi ya teargas. Hapa Ukambani ndio tunaijua poa, juu kila uchaguzi tunahesabiwa ka mfuko mmoja wa kura wenye mzito wetu Kalonzo amebeba. Hii ya Juni haikuwa na mtu wa kuita. Makomredi wa chuo, madem wa saluni, makanga, kila mtu alijileta na bendera yake.

Juni 20 Rex Masai, miaka 29, akapigwa risasi kwa maandamano Nairobi. Juni 25 wabunge 195 wakapitisha mswada, 106 wakakataa, na mayut wakaingia Bunge. Kesho yake Rais Ruto akasema hatatia sahihi. Tulishinda, lakini tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuja kuhesabu watu 60 walikufa kwa hayo maandamano. Hiyo namba isiwahi kutajwa mbio mbio.

Julai 11 Kabineti karibu yote ikapigwa kalamu. Alfred Mutua, aliyekuwa gavana wetu 2013 hadi 2022, akatolewa Utalii. Wiki mbili hazijaisha, jina lake likatajwa tena, sasa ni Leba. Hapo ndio wasee wengi wa tao walielewa kuangusha mswada na kubadilisha gava ni vitu mbili tofauti.

Kwa spoti madem ndio walituokoa. Juni 16, siku mbili kabla ya maandamano ya kwanza, Junior Starlets walimaliza Burundi 5-0 kwa jumla, wakawa timu ya kwanza ya boli ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, na huko Jamhuri ya Dominika wakachapa Mexico 2-1. Agosti Beatrice Chebet akabeba 5,000 na 10,000 Paris, Faith Kipyegon akabeba 1,500 mara ya tatu mfululizo. Lakini Harambee Stars, hiyo Juni, "nyumbani" kwao ilikuwa Lilongwe, Malawi, juu hapa Kenya hakukuwa na uwanja umekubalika. Hiyo inatuuma sana sisi, juu Kenyatta Stadium ya hapa Masaku ndio Stars walibebea CECAFA, Desemba 2017, wakitoa Zanzibar kwa penalti. Uwanja tulikuwa nao. Wa kuutunza ndio walikosekana.

Oktoba ikaenda na naibu rais Gachagua, Novemba Kindiki akaapishwa mahali pake, na dili za kampuni ya Adani zikatupwa nje. Base ilipiga hizo stori wiki moja moja ikaendelea na wera.

Desemba ndio imebaki. Vijana wanne walishikwa Mlolongo wakatoweka. Mlolongo ya kwetu, mahali watu hushuka mathree usiku wakienda keja. Familia zikaenda korti, na Inspekta Jenerali wa Polisi, Kanja, akaitwa ajieleze. Januari 30, 2025, siku yenyewe alitokea mbele ya jaji, wawili wao wakatambuliwa mochari ya Nairobi.

Watu wa Masaku hawaombi pole ya mheshimiwa yeyote kwa hii. Tunataka jina la aliyeendesha ndai, jina la aliyewashika na jina la aliyewatuma, zisomwe kortini, mchana, familia zikiwa zimekaa mbele.