Si Miale, Ni Viini

Majuzi nilialikwa Garbatulla kuzungumza na wanafunzi wa shule ya upili kuhusu istilahi za sayansi. Nilipotaja "miale ya anga", msichana mmoja akasimama: "Mwalimu, ikiwa ni miale, mbona wasema kuna chombo kinachoihesabu mmoja mmoja?"

Nilibabaika, maana kosa ni letu sisi watu wa lugha. Mwaka 1912 Victor Hess alipaa kwa puto akakuta mnururisho ukizidi kadiri alivyokwenda juu. Mwaka 1925 Robert Millikan akauita miale, akidhani ni jamaa ya nuru. Nasi tukatafsiri jina pamoja na kosa lake.

Ushahidi wa kumkanusha ulitoka ukanda wetu huu wa ikweta. Mwaka 1927 Jacob Clay, akisafiri baharini kati ya Java na Uholanzi, aligundua kwamba mnururisho huo hupungua karibu na ikweta. Nuru haijali sumaku ya dunia; chembe zenye chaji hukengeushwa nayo, na ngao hiyo ni imara zaidi huku kwetu. Garbatulla haifiki hata digrii moja kaskazini mwa ikweta.

Chombo chenyewe ni AMS, kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2011. Kiini cha atomu kipitapo katika mabamba yake ya silikoni huacha nishati kulingana na mraba wa chaji yake. Kwa kasi ile ile, heli huacha mara 4 ya protoni, kaboni mara 36, chuma mara 676. Sumaku nayo huipinda njia ya kiini. Kiini chenye nguvu nyingi hupindika kidogo. Matukio zaidi ya bilioni 200 yamekwisha kurekodiwa hivyo.

Lililowavutia zaidi ni boroni. Nyota hazitoi boroni ya kutajika. Nyingi huzaliwa njiani, viini vya kaboni na oksijeni vinapogonga gesi iliyotanda kati ya nyota na kuvunjika. Basi ukilinganisha boroni na kaboni wajua viini vimepenya gesi kiasi gani. Nikawaambia ni kama kukadiria safari ya ngamia kwa vumbi lililomganda.

Msichana yule akapendekeza tuviite "viini vya kuhamahama". Kisha akauliza: akiandika hivyo katika insha ya Kiswahili, atapewa alama? Mimi ningempa. Sikuweza kumwahidi kwamba mtahini naye atampa.