Sukari ya Damu na Sahani ya Mwanachama



Katika msimu mmoja wa ununuzi wa pamba nilitumwa kukagua vitabu vya chama kimoja cha msingi ambamo wakulima walikuwa wakinung'unika kwamba karani wa mizani anawapunja. Manung'uniko hayo hayakuwa ya bure. Nilipolinganisha stakabadhi za wakulima na daftari la ununuzi niliona kilo 38 zimeandikwa 33, kilo 86 zimeandikwa 66, na mahali pengine kilo 51 zimekuwa 57. Nilikwisha kuandika katika rasimu ya taarifa yangu kwamba karani huyo asimamishwe kazi. Kilichonizuia ni jambo moja dogo: makosa yalikwenda pande zote mbili, na nilipoyajumlisha yalikaribia kufutana. Mwizi hajikosei kwa hasara yake mwenyewe.

Nilimwita ofisini anisomee stakabadhi kumi. Aliziinua, akazisogeza mbali, akazirudisha karibu, na bado akasoma 8 kuwa 3. Chini ya meza yake palikuwa na dumu la maji la lita tano, nalo lilikuwa limekwisha nusu ingawa ilikuwa bado asubuhi. Katika muda wa saa moja aliomba ruhusa ya kwenda haja ndogo mara tatu. Alipoulizwa alisema macho yake yana ukungu tangu mwezi uliopita, na kwamba suruali zake zimekuwa kubwa. Mwenyekiti alimpeleka kituo cha afya kesho yake kabla hajala kitu, na sukari katika damu yake ilikutwa ni zaidi ya 17.

Natumia nafasi hii kueleza ugonjwa huu, na hasa habari ya chakula, kwa sababu hapo ndipo karani yule alipokosea mara ya pili, na kosa lile la pili lilikaribia kumwua.

Ugonjwa wenyewe ni kisukari cha aina ya pili, ambacho aghalabu huwapata watu wazima. Chakula chenye wanga, yaani ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi na mkate, husagwa tumboni na kuwa sukari inayoingia katika damu. Kongosho hutoa kichocheo kiitwacho insulini, ambacho ni mfano wa ufunguo unaoifungulia sukari mlango wa kuingia katika misuli ili itumike kama kuni. Kwa mwenye kisukari cha aina hii misuli na ini haviitii insulini ipasavyo, na kongosho nalo, kwa kuchoka, halitoi insulini ya kutosha. Basi sukari hurundikana ndani ya damu kama marobota ya pamba nje ya ghala ambalo kufuli lake limeshika kutu, na mwili unakonda kwa njaa huku mali iko mlangoni. Figo hujaribu kuimwaga sukari hiyo kwa mkojo; ndiyo maana ya kiu na kukojoa mara kwa mara. Lenzi ya jicho nayo hubadilika, na tarakimu hazionekani sawasawa.

Mganga husema mtu ana kisukari ikiwa sukari yake kabla ya kula chochote asubuhi ni milimoli 7 kwa lita au zaidi, au ikiwa ana dalili nilizozitaja na kipimo cha wakati wowote ni 11.1 au zaidi. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ana ugonjwa. Wengi hawana dalili yoyote kwa miaka, na hugunduliwa kwa kidonda cha mguu kisichopona.

Wako watakaosema huu ni ugonjwa wa mjini. Uchunguzi wa vijiji vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa zima wa mwaka 2012 ulikuta kama 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Mkaguzi ni wajibu wake kusema kwamba hesabu hizi mbili hazikuchukuliwa kwa namna moja, maana ya kwanza ilikuwa ya vijijini tu; lakini hata tukiacha nafasi kwa tofauti hiyo, hatuwezi tena kujidai kwamba jambo hili halituhusu.

Sasa nirudi kwa karani. Alipewa vidonge vya metfomini na vya glibenklamidi, akaambiwa apunguze vyakula vya wanga. Aliporudi nyumbani majirani na jamaa walikuja kumpa pole, na kila mmoja alikuja na sheria yake. Mmoja alisema ugali ni sumu. Mwingine alikataza wali, wa tatu akakataza matunda yote, wa nne akamwambia asali haina neno kwa kuwa ni kitu cha asili. Siku ya gulio la pamba alikunywa vidonge vyake alfajiri, akala bakuli la mlenda peke yake, akasimama mizanini mpaka saa nane mchana. Alianza kutetemeka na kutoka jasho, akasema maneno yasiyoeleweka, akaketi juu ya magunia. Watu wengine walisema amelewa, wengine wakasema amerogwa na wakulima aliowapunja.

Hakuwa amelewa. Glibenklamidi humlazimisha kongosho kutoa insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Asipokula, sukari hushuka chini ya 4, na ubongo hukosa chakula. Dawa yake ni ya haraka: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha kungoja dakika 15, kurudia ikiwa hajapata nafuu, na baadaye kumpa chakula. Aliyezimia asimiminiwe kitu kinywani, maana kitaingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja. Karani wetu aliokolewa na mama muuza chai aliyekuwa na mume mwenye ugonjwa huo.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa aliyegunduliwa karibuni si kujinyima. Ni kujua anakula nini, kiasi gani, na saa ngapi. Mtu aachaye kula wanga kwa ghafla huku akinywa glibenklamidi au kujidunga insulini anajihatarisha. Yampasa kwanza aongee na mganga ili dawa ipunguzwe kwa kadiri ya chakula. Metfomini ikiwa peke yake kwa kawaida haileti hatari hiyo.

Ugali haukatazwi. Tatizo la ugali wetu ni kipimo chake, na desturi yetu ya kula sinia moja hufanya pasiwe na kipimo kabisa: mtu hawezi kukumbuka amemega matonge mangapi. Mgonjwa apakuliwe sahani yake mwenyewe, hata kama anaketi pamoja na wenziwe. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, majani ya kunde, mlenda, kabichi, nyanya chungu. Robo iwe kitoweo, yaani samaki, dagaa, kuku, mayai au jamii ya kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, nayo haizidi sana ngumi yake mwenyewe. Wanaotoka kushinda shambani wataona ngumi moja ni kidogo, na pengine kwao ni kidogo kweli. Mtu wa jembe na mtu wa kiti hawapimiwi sawa, na mganga au kipimo cha sukari saa mbili baada ya kula ndicho kitakachowaamulia.

Unga wa dona, mtama na ulezi ni bora kuliko sembe kwa kuwa una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Lakini dona nalo ni wanga. Nimewaona watu wakijaza sahani ya dona kwa furaha kana kwamba wamepata msamaha. Ugali wa muhogo na wali mweupe hupandisha sukari upesi, na uji mwepesi wenye sukari ndio mbaya kuliko wote. Michembe, ambayo sisi huitafuna kama kitafunio cha bure, ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na mkono mmoja wa michembe ni kiazi kizima. Ikiliwa, ihesabiwe mahali pa ugali.

Nataka nikae kidogo kwenye choroko na dengu. Mazao haya tunayalima wenyewe, tunayapima wenyewe kwenye mizani ya vyama vyetu, tunayauza hadi gunia la mwisho, kisha tunakwenda dukani kununua sembe na biskuti. Choroko, dengu, kunde na maharage yana protini na nyuzinyuzi nyingi, na wanga wake huingia katika damu polepole kuliko wa nafaka. Kaya yenye mgonjwa ikibakiza gunia moja la choroko kwa mwaka haitakuwa imepoteza fedha, maana siku ambazo nyama haipo kitoweo kipo. Yachemshwe na vitunguu na nyanya, mafuta kijiko kimoja au viwili kwa sufuria nzima.

Chai ni habari nyingine. Tufanye hesabu. Kijiko cha chai cha sukari kisichojaa sana ni gramu 4. Mtu anayekunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, anakula gramu 48 kwa siku, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, na kilo 17 na nusu kwa mwaka, na hapo hatujagusa maandazi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula, ambayo kwa mtu wa kawaida ni kama gramu 50, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Na huo ni ushauri kwa watu wazima, si kwa wagonjwa. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hadi 39, yaani kama vijiko tisa. Juisi ya maembe iliyochujwa haiko mbali na soda. Embe lenyewe, kipande cha ukubwa wa kiganja, lina nafasi yake; mapapai na mapera vivyo hivyo. Asali ni sukari.

Kuhusu uzito, mnene na mwembamba hawana njia moja. Aliyenenepa, hasa tumboni, hufaidika sana kwa kupungua. Katika utafiti uliofanywa Uskochi na Kaskazini ya Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, watu 306 waliokuwa na ugonjwa huu kwa muda usiozidi miaka sita waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likapewa chakula cha kalori kama 850 tu kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, chini ya uangalizi, dawa zao zikiwa zimesimamishwa. Baada ya mwaka 46 katika kila 100 wa kundi hilo walikuwa hawana tena sukari ya kiwango cha ugonjwa, bila dawa. Jambo hilo lisijaribiwe nyumbani bila mganga. Na vijijini wako wagonjwa wengi wembamba. Hao wakijinyima zaidi watadhoofika bure, na pengine wanahitaji insulini mapema.

Mwendo wa dakika 15 au 20 baada ya kula husaidia misuli kuichukua sukari. Pombe juu ya tumbo tupu, kwa mtu wa glibenklamidi, ni njia fupi ya kuanguka kama karani yule. Na anayeanza matibabu asikimbilie kununua miwani: macho huendelea kubadilika kwa majuma kadhaa sukari inaposhuka, na miwani ya mwezi wa kwanza haitamfaa mwezi wa tatu.

Karani yule hakusimamishwa kazi. Nilifuta sentensi ile na kuandika kwamba vitabu visomwe upya na watu wawili, na tofauti zilipatikana na kulipwa kwa wakulima waliopunjika. Siku za gulio sasa hupelekewa chakula mizanini saa sita kamili, na mwenyekiti hushika mizani kwa nusu saa. Sukari yake ya asubuhi imeteremka hadi kati ya 6 na 7.

Nilipendekeza pia, katika Mkutano Mkuu wa chama hicho, soda za mkutano ziondolewe. Waliopinga walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, na mzee mmoja aliniuliza kama ukaguzi wangu umefika hadi kooni mwake. Baada ya mjadala ilikubaliwa kwamba maji ya kunywa na karanga za kuchemsha viwekwe mezani pamoja na soda, chai iletwe bila sukari na bakuli la sukari liwe pembeni, na kila mwanachama ajipimie mwenyewe.