Mwendo wa Kete Katika Bao

Wenye vikundi vya kusikiliza, mmoja wenu na achimbe mashimo 32 katika udongo: safu 4, na kila safu mashimo 8. Wenye bao la mti, liwekeni katikati. Kama hapa Karatu hamkupata komwe za pwani, maharage yatafaa. Hesabuni 64.

Leo tutazungumza juu ya mwendo katika mapigano ya mezani. Bao ni vita. Kila mchezaji ana safu mbili zake, ya mbele na ya nyuma, naye hujaribu kula kete za mwenziwe mpaka safu ya mbele ya mwenziwe ibaki tupu, au mwenziwe akose la kucheza. Katika vita vya kweli, mwenye mbio humfikia adui kwanza. Je, katika bao mwendo ni nini? Wengine hudhani ni wepesi wa mkono. Sivyo. Mkono mwepesi haumfikishi mtu hata shimo moja zaidi. Mwendo ni idadi ya mashimo unayopita kabla zamu haijamrudia mwenzako.

Iko michezo ambayo mwendo huo umepimwa tangu mwanzo. Huko Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao ndani yake kila mchezaji huigiza mtu fulani wa hadithi. Kwa kanuni zake za mwaka 2014, binadamu wa kawaida hupewa futi 30 kwa zamu moja, na zamu hiyo huhesabiwa kuwa sekunde 6. Penye matope au kichaka, kila futi moja hugharimu mbili, kwa hiyo mtu huyo huenda futi 15 tu. Mwendo wake ni kama fedha mfukoni: njia nzuri ni rahisi, njia mbaya ni ghali.

Katika bao hakuna anayekupa futi 30. Mwendo wako umo ndani ya shimo. Likiwa na kete 2, utapita mashimo 2. Likiwa na 5, utapita 5. Shimo lenye kete 1 haliwezi kuanza mchezo. Lakini kuna jambo jingine: pale kete ya mwisho inapoangukia ndipo huamua kama safari imekwisha.

Tujaribu kwa bao la kujifunza. Wekeni kete 2 katika kila shimo. Hesabuni safu yenu ya mbele, kutoka kushoto, moja mpaka nane. Kanuni ni hizi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mnalala, yaani zamu imekwisha. Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na shimo la adui linalotazamana nalo lina kete pia, mnakula kete hizo za adui na kuzianzisha katika kichwa, shimo la mwisho la safu ya mbele. Mkiwa mnaelekea kulia, zinaanzia kichwa cha kushoto, isipokuwa mkilia katika shimo la saba au la nane. Hapo zinaanzia kulia. Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, chukueni zote za shimo hilo mwendelee mbele.

Sasa chukueni kete 2 za shimo la pili, mwelekee kulia. Zinaangukia la tatu na la nne. Hapo mnakula 2. Ziwekeni katika la kwanza na la pili. La pili mliliacha tupu, basi mmelala. Mmepita mashimo 4, mmekula kete 2.

Rudisheni kete zote mahali pake. Safari hii anzeni na shimo la tatu. Mnafika la tano, mnakula 2. Mnaziweka katika la kwanza na la pili. La pili lina kete, mnakula 2 tena. Mnaziweka pale pale. Sasa la pili lina kete 4, na mbele yake kwa adui ni patupu. Chukueni hizo 4, mwende mpaka la sita. Mnakula 2. Mnaziweka katika la kwanza na la pili, nalo ni tupu: mmelala. Hesabuni. Mmepita mashimo 12, mmekula kete 6. Mwanzo ulikuwa kete 2 zile zile!

Ndiyo maana fundi wa bao hutazama muda mrefu kabla ya kugusa kete. Hatafuti shimo lililojaa, anatafuta pa kufikia.

Nawaeleza haya kwa sababu moja. Wako wazee wasiotaka kuja darasani, wasemao kwamba hesabu zimewapita na vichwa vimekuwa vigumu. Jioni mzee huyo huyo hukaa chini ya mti, akajumlisha, akatoa, akakumbuka mashimo 32, na asiandike popote. Mtu huyo hesabu hazikumpita. Lililobaki ni kumwonyesha alama za kuziandikia, ili akipeleka vitunguu vyake vya Mang'ola sokoni, asomewe mizani naye akiisoma.

Kazi yenu ya juma hili: anzeni upya na shimo la nne, kuelekea kulia. Kete zitazunguka hata safu ya nyuma na kurudi mbele. Mwandike kila hatua. Mkipata kuwa mmekula kete 8, mmehesabu sawasawa. Mkipata vingine, msigombane, rudieni polepole. Kwa herini.