Kurudi Kwenye Theluji Baada ya Miaka Mingi: Namna ya Kuchagua Mahali

Somo la redio kwa watu wazima: Jiografia na Safari

Leo tutazungumza juu ya milima ya Alps, ile iliyo katikati ya Ulaya, tukiitazama kwa macho ya msafiri mwenye haja yake. Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, wekeni ramani ya Ulaya mbele yenu, na mwenye kalamu aishike. Nitataja urefu wa mahali mbalimbali kutoka usawa wa bahari, na urefu huo ndio ufunguo wa somo zima.

Tuseme yuko mtu wa makamo, umri wake miaka 55. Ujanani alisoma Austria, na huko akajifunza kuteleza juu ya theluji kwa skii, yaani zile mbao mbili nyembamba zinazofungwa miguuni. Akateleza misimu mitatu. Kisha akarudi nyumbani, akaoa, akalea watoto, na miaka 30 ikapita bila kukanyaga theluji. Sasa binti yake anafanya kazi Munich, Ujerumani, naye amemwandikia: "Baba, njoo, twende sote mlimani kwa juma moja." Mzee huyu ana fedha aliyoiweka akiba kidogo kidogo, wala hatapata nyingine kama hiyo upesi. Je, aende mahali gani?

Huenda mmoja wenu atasema, "Mchezo wa theluji watuhusu nini sisi?" Basi, Mkenya Philip Boit alishindana kwa skii katika michezo ya Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, na Mkenya mwingine, Sabrina Simader, akashindana Korea ya Kusini mwaka 2018. Isitoshe, wako watu wetu wengi wanaoishi Ulaya, na jamaa zao huwatembelea.

Turudi kwa mzee wetu. Jibu la kwanza litakalomjia moyoni ni hili: "Nitakwenda pale pale nilipokuwa zamani." Jibu hilo lina utamu, lakini si la kufuatwa bila kupimwa. Tangu siku zile mambo matatu yamebadilika: mwili wake, vifaa, na mlima wenyewe. Tuyatazame moja moja.

MWILI

Kuteleza kwa skii ni kama kupanda baiskeli. Aliyejifunza vizuri hasahau kabisa. Asubuhi ya kwanza ataogopa, na kabla ya jua kutua atajiona amerudi ujanani. Hapo ndipo penye hatari. Ujuzi hurudi kwa siku moja, lakini nguvu za mapaja hazirudi kwa siku moja. Basi mtu huteleza kwa mwendo wa kijana, akiwa na miguu ya mzee. Alasiri misuli imechoka, skii moja inakwama katika theluji laini, mwili unageuka na goti halifuati. Kano za ndani ya goti zikikatika, huenda akakaa miezi mingi kabla ya kutembea kama kawaida.

Kwa hiyo hapana budi aanze mazoezi nyumbani angalau miezi miwili kabla ya safari: kupanda ngazi, kuchuchumaa na kusimama, kutembea kilimani. Tena kama anapitia Dubai, iko nafasi nzuri ya kujaribu. Tangu mwaka 2005 pana jumba huko, Ski Dubai, lenye theluji ndani yake, na mteremko wake mrefu kabisa una mita 400. Saa mbili za hapo zitamwonyesha hali ya magoti yake kabla hajalipia juma zima.

Katika kuchagua mahali, mwili wake wadai miteremko ya upole, tena mingi. Njia za kutelezea hupewa rangi. Austria, Uswisi na Italia, buluu ni rahisi, nyekundu ni ya wastani, nyeusi ni ngumu. Ufaransa huongeza kijani, ambayo ni rahisi kupita buluu. Lakini angalieni: rangi hupangwa kwa kulinganisha njia za mahali pale pale. Njia ya buluu ya mlima mkali yaweza kumtisha mtu kuliko nyekundu ya mlima wa upole. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Je, kuna njia za buluu?" Mtu aulize pia, "Je, naweza kurudi mpaka kijijini kwa njia ya buluu?" Kwa maana mahali pengine njia za juu ni rahisi, lakini ile ya mwisho ya kurudi ni kali, na watu huifikia jioni wakiwa wamechoka.

VIFAA

Hapa habari ni njema. Zamani mtu alipewa skii zilizonyooka, ndefu kuliko kimo chake, na kuzigeuza kulihitaji nguvu. Mwaka 1993 kiwanda cha Elan cha Slovenia kilitoa skii fupi, pana nchani na nyembamba kiunoni, na baadaye viwanda vyote vikafuata. Skii za leo humfikia mtu kati ya kidevu na paji la uso. Ukizilaza ubavu kidogo, zenyewe hukata kona. Mzee wetu atashangaa jinsi zilivyo rahisi.

Basi asibebe vifaa vyake vya zamani. Buti za plastiki zilizokaa stoo miaka 30 huweza kupasuka mguuni bila onyo. Akodi dukani. Huko ataulizwa uzito, kimo, umri na ujuzi wake, ili vile vibano vinavyoshika buti vikazwe kwa kiasi. Vibano hivyo hufunguka mtu anapoanguka, na kwa mtu aliyetimiza miaka 50 hulegezwa kidogo zaidi. Anayejisifu hapo, akadanganya umri au ujuzi, analidanganya goti lake mwenyewe.

MLIMA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kwa wastani, ukipanda mita 1,000, hewa hupoa digrii 6 na nusu hivi za Sentigredi. Ndiyo sababu mvua ya bondeni huwa theluji kileleni. Dunia ikipata joto, mpaka wa theluji nao hupanda: wataalamu wa Alps hukadiria mita 150 kwa kila digrii moja ya joto iliyoongezeka.

Mwaka 2007 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilichapisha hesabu yake ya milima hiyo. Katika sehemu 666 za kutelezea, 609 ziliweza kutegemea theluji ya asili. Joto likiongezeka digrii 2, zitabaki 404. Hayo si mambo ya vitabuni tu. Mwaka mpya wa 2023 ulipoingia, mahali pengi pa chini katika Alps palikuwa na majani matupu, na njia nyingi zikafungwa. Na huko Bolivia, mlima Chacaltaya ulikuwa na njia ya skii iliyopita mita 5,000, maarufu duniani kwa kuwa juu sana. Barafu yake ilikwisha kabisa mwaka 2009. Aliyejifunza hapo akirudi leo atakuta mawe. Sisi tunaoishi karibu na Kilimanjaro hatuna haja ya kuambiwa sana; zaidi ya sehemu nne katika tano za barafu iliyokuwako mwaka 1912 zimetoweka.

Watu wa Alps wamenunua mashine za kutengeneza theluji. Hizo hurusha matone madogo ya maji katika hewa ya baridi, yakaganda kabla ya kutua. Zinasaidia sana, lakini hazifanyi kazi hewa ikiwa na joto, nao ndio wakati zinapohitajiwa zaidi.

MAHALI PATANO

Shikeni kalamu sasa. Tutapima mahali patano kwa mambo matatu: urefu, upole wa miteremko, na gharama.

Pa kwanza ni Kitzbühel, Austria. Ni mji wenye sifa kubwa. Mashindano ya mlima wake wa Hahnenkamm yalianza mwaka 1931, na mwana wa mji huo, Toni Sailer, alipata medali tatu za dhahabu katika Olimpiki ya mwaka 1956. Treni hufika mjini. Lakini mji wenyewe uko kwenye mita 760 hivi tu, chini kuliko Dodoma yetu, na vilele vyake vya kutelezea vyafika karibu mita 2,000. Katika baridi kali ni pazuri mno. Lakini mtu anayelipa miezi sita kabla, akitoka mbali, anacheza bahati nasibu.

Pa pili ni Val Thorens, Ufaransa, kwenye mita 2,300. Hapana kijiji cha skii kilicho juu zaidi katika Ulaya. Kimeungana na mabonde ya jirani, na jumla ya njia ni kilomita 600 hivi. Theluji hapo haina shaka kubwa. Ila hapana miti. Ukungu ukishuka, ardhi na mbingu huwa rangi moja, na mtu asiyejiamini hupoteza mwelekeo. Tena usiku wa kwanza katika hewa nyepesi, mtu wa pwani huenda asipate usingizi mzuri.

Pa tatu ni Zermatt, Uswisi, chini ya mlima Matterhorn. Magari ya petroli hayaingii kijijini. Gari la waya hupanda mpaka mita 3,883, juu kuliko kibanda cha Horombo cha Kilimanjaro, na watu huteleza huko hata wakati wa kiangazi. Lakini njia nyingi ni nyekundu, na bei za Uswisi zitaimaliza akiba ya mzee wetu kabla ya juma kwisha.

Pa nne ni Obergurgl, Austria, mwishoni mwa bonde la Ötztal. Kijiji kiko kwenye mita 1,930, juu kidogo kuliko Nairobi, na viti vya waya hupanda kupita mita 3,000. Ni kidogo, kitulivu, chenye njia nyingi za buluu na nyekundu zisizo kali. Kutoka Munich ni safari ya saa tatu au nne kwa gari.

Pa tano ni Alpe di Siusi, Italia, ambapo wenyeji wasemao Kijerumani hupaita Seiser Alm. Ni uwanda mpana wa malisho, kati ya mita 1,700 na 2,300 hivi, na miteremko yake ni ya upole sana. Theluji yake hutegemea mashine zaidi. Lakini kwa mtu mwenye hofu, au mwenye goti bovu, mahali hapo ni kama uwanja wa kujifunzia uliotandazwa mlima mzima.

Basi mzee wetu achague nini? Kwa maoni yangu, kama magoti yake ni mazima, aende Obergurgl. Kama yana shaka, Alpe di Siusi. Kitzbühel aliyoijua ujanani aitembelee kwa treni siku moja, anywe kahawa, atazame mlima ule maarufu, kisha aondoke. Kumbukumbu yaweza kutembelewa kwa siku moja. Fedha ya juma zima haifai kuwekwa rehani kwa ajili yake.

Wakati nao ni sehemu ya kuchagua. Sikukuu ya Krismasi na likizo za shule za mwezi wa Februari, foleni ni ndefu na bei hupanda. Nusu ya pili ya Januari kuna baridi, lakini nafasi ni tele. Machi siku ni ndefu na jua ni zuri, ila alasiri theluji huwa kama uji, hasa kwenye miteremko inayoelekea kusini. Aliyekaa miaka mingi bila kuteleza aanze asubuhi, na aache mapema.

Tena asisahau bima. Helikopta ya kumshusha majeruhi mlimani si bure. Nchini Italia, tangu mwaka 2022, sheria humtaka kila mtelezaji awe na bima ya kumlipa mtu mwingine atakayemgonga.

La mwisho ni binti. Yeye ni kijana, atataka njia nyeusi. Heri kuchagua mahali ambapo njia rahisi na njia ngumu hukutana chini ya kiti kimoja cha waya, ili baba na mwana waachane asubuhi na kula pamoja mchana. Mzee hakusafiri maelfu ya kilomita ili akae peke yake upande mmoja wa mlima, wala hapaswi kumfuata binti kwenye njia nyeusi kwa kuona haya. Mwenda pole hajikwai.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini urefu wa kijiji una maana zaidi leo kuliko miaka 30 iliyopita?

2. Joto likiongezeka digrii 2, mpaka wa theluji utapanda mita ngapi? Katika mahali patano tulipotaja, ni papi patakapoumia kwanza?

3. Mashine za theluji zina msaada gani, na zina upungufu gani?

4. Mtu akirudia kazi ngumu aliyoiacha miaka mingi, kama kuvua baharini au kukwea minazi, ni mambo gani ya somo hili yatakayomfaa?

Andikeni majibu yenu, myasome kwa sauti kikundini, na asiyekubali aseme sababu yake. Kwaherini mpaka somo lijalo.