Sister Nancy: Albamu moja, deni la miaka 32

Mwaka 1982, albamu ya kwanza ya Sister Nancy, mchanaji wa dancehall wa Jamaica, ilikuwa imebakiza wimbo mmoja tu itimie nyimbo kumi. Kwa simulizi yake mwenyewe, alirudi kwenye maikrofoni ya studio ya Channel One, Maxfield Avenue, jijini Kingston, akachana papo kwa papo bila kuandika mstari hata mmoja. Wimbo huo wa kujazia nafasi ndio "Bam Bam". Albamu yenyewe inaitwa One, Two, na hadi leo wengi wanaifahamu kwa wimbo huo tu.

Ophlin Russell, ndilo jina lake halisi, alizaliwa Kingston mwaka 1962 katika familia ya watoto 15. Kaka yake, Brigadier Jerry, alikuwa mchanaji mwenye jina. Dancehall ya enzi hizo ilikuwa muziki wa uwanjani kabla ya kuwa muziki wa redioni: spika zimepandishwa juu kwa juu hadi zinampita mtu kimo, selekta anageuza santuri upande wa pili wenye mdundo mtupu, na wachanaji wanapokezana maikrofoni. Karibu wote walikuwa wanaume. Binti aliyetaka zamu ilibidi aipiganie mbele ya umati usiomvumilia anayeachwa na mdundo. Nancy alikomaa humo, na mwaka 1980 prodyuza Winston Riley akamrekodi santuri yake ya kwanza, "Papa Dean".

Ukaidi wa viwanjani umejaa kwenye One, Two. Katika "Only Woman DJ with Degree" anatamba bila kuomba radhi. Hailegezi sauti ili apendeze. Maneno anayatupa makavu, yanatua pale pale besi inapotaka, kisha anaiachia besi nafasi ipumue.

Besi ya "Bam Bam" ina historia yake. Mdundo wake, Stalag, ulitokana na "Stalag 17", muziki wa ala uliopigwa na mcheza kinanda Ansel Collins mwaka 1973 chini ya Riley huyo huyo. Jamaica mdundo mmoja huimbiwa na wasanii kadhaa, na Stalag ulipita kwa wengi. Mwaka 1985 Tenor Saw aliutumia kwenye "Ring the Alarm". Hata kiitikio cha Nancy kina asili ya zamani: Toots na kundi la Maytals walishinda shindano la nyimbo za tamasha la taifa mwaka 1966 kwa wimbo wenye jina hilo hilo.

Utaratibu huo wa mdundo mmoja kwa wasanii wengi humwezesha kijana asiye na bendi wala mtaji kutoa wimbo mkali. Lakini pia humweka pabaya. Mdundo ni wa prodyuza, studio analipia prodyuza, santuri anatoa prodyuza. Msanii ana sauti yake tu, na bila mkataba sauti hiyo haina risiti.

Ndivyo ilivyomkuta Nancy. Mwaka 1996 alihamia Marekani, akaishi New Jersey na kufanya kazi ya uhasibu benki. Wimbo wake ukawa unazurura bila yeye: ukaingia kwenye filamu ya Belly mwaka 1998, na baadaye Kanye West akachukua sauti yake kwa ajili ya "Famous" mwaka 2016. Kilichomfanya achukue hatua ni tangazo la Reebok lenye wimbo huo, aliloliona kwenye televisheni mwaka 2014. Alitafuta wanasheria, akapata asilimia 50 ya haki za wimbo wake na malipo ya miaka 10 ya nyuma. Miaka mingine 22 ikapotea hivyo hivyo.

Riley hakuwepo tena kujieleza. Alifariki mwaka 2012. Pia ni haki kusema kwamba bila yeye pengine albamu hiyo isingekuwepo. Lakini kumshukuru aliyekufungulia mlango hakumaanishi kumwachia nyumba. Leo chipukizi wa Dar es Salaam au Nairobi naye huingia studio ya mtaani, akapewa biti, akaimba, akaondoka na faili kwenye simu. Aisikilize One, Two yote, nyimbo zote kumi, ajifunze namna ya kukaa juu ya mdundo. Kisha, kabla ya kurekodi ya kwake, waandikiane: biti ya nani, maneno ya nani, na kila mmoja atapata asilimia ngapi.