Nyumba, Uvumi na Sanduku la Kura: Habari ya Barking na Dagenham

Tarehe 4 Mei, 2006 wakazi wa Barking and Dagenham, manispaa ya watu wa kazi iliyoko mashariki ya jiji la London, walikwenda kuchagua madiwani wao. Kura zilipokwisha kuhesabiwa, chama cha Labour, ambacho kilikuwa kimeishika manispaa hiyo tangu ilipoundwa katika miaka ya 1960, kilikuwa na viti 38. Chama cha Conservative kilipata kiti 1. Viti 12 vilivyobaki vilichukuliwa na British National Party, yaani BNP, chama ambacho wakati huo katiba yake haikumruhusu mtu asiye mzungu kuwa mwanachama.

Miaka minne baadaye, tarehe 6 Mei, 2010, wapiga kura wa manispaa hiyo hiyo walirudi vituoni. Safari hii matokeo yalikuwa hivi: Labour viti 51 kati ya 51. BNP haikubakiwa na hata kiti kimoja.

Wengi waliosikia habari hizo walisema kwamba watu wa Dagenham wamejirudi, na kwamba ubaguzi umezikwa. Lakini, ndugu msomaji, anayetaka kuielewa habari hii barabara hana budi kuliacha kwanza sanduku la kura na kuitazama nyumba: nani aliijenga, nani aliinunua, na nani alibaki akiisubiri.

DIWANI NA MAISHA YA NYUMBANI

Jiji la London limegawanywa katika manispaa 32, mbali na ile sehemu kongwe ya katikati iitwayo City. Kila manispaa ina halmashauri yake, na wananchi huchagua madiwani wote kwa pamoja kila baada ya miaka minne. Wakati wa chaguzi hizi mbili Barking and Dagenham ilikuwa na kata 17, na kila kata ilitoa madiwani 3. Kwa hiyo kila mpiga kura aliweza kuchagua majina matatu. Haki hiyo si ya raia wa Uingereza peke yao. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, Watanzania na Wakenya wakiwamo, nao huweza kupiga kura iwapo wanaishi huko kihalali na wamejiandikisha.

Bunge huamua mambo ya vita na mikataba. Diwani hushughulika na yale yanayoigusa familia asubuhi na jioni: takataka zizolewe lini, mzee asiyejiweza atunzwe na nani, maktaba ifunguliwe saa ngapi. Na zaidi ya yote, nyumba ya halmashauri apewe nani. Katika manispaa hii jambo hilo la mwisho ndilo lililokuwa kiini cha kila jambo.

MJI ULIOJENGWA KWA AJILI YA MFANYAKAZI

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza iliahidi kuwajengea askari waliorudi na wafanyakazi kwa jumla nyumba zinazomfaa binadamu. Kwa nguvu ya sheria ya mwaka 1919, halmashauri iliyosimamia jiji la London ilianza mwaka 1921 kujenga mtaa wa Becontree katika mashamba ya huko Dagenham na Barking. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 zilikuwa zimesimama nyumba zipatazo 26,000. Duniani kote hapakuwa na mtaa wa nyumba za serikali uliokuwa mkubwa kuliko huo.

Familia zilizohamia huko zilitoka katika vyumba vya msongamano vya East End, ambako familia kadhaa zilichangia bomba moja uani. Becontree walikuta choo ndani ya nyumba, umeme, na kipande cha bustani mbele na nyuma. Masharti yalikuwamo pia. Mpangaji alitakiwa kuukata vizuri ua wa majani mbele ya nyumba yake na kusafisha madirisha yake. Watu waliyafuata, kwani nyumba waliiona kuwa ni yao ingawa hati haikuwa yao.

Mwaka 1931 kampuni ya Ford ilifungua kiwanda chake kikubwa cha magari huko huko Dagenham, kando ya Mto Thames. Mnamo mwaka 1953 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 40,000. Ni katika kiwanda hicho ambapo mwaka 1968 wanawake washonaji wa viti vya magari waligoma wakidai kazi yao ithaminiwe kama ya wanaume, mgomo uliochangia kupatikana kwa sheria ya malipo sawa ya mwaka 1970. Kwa hiyo hawa hawakuwa watu wasiojua umoja. Walikuwa miongoni mwa wafanyakazi walioujua sana.

Katika mji wa namna hiyo maisha yalikuwa na njia iliyonyooka. Kijana wa kiume alimfuata baba yake Ford. Binti alitazamia kwamba akiolewa ataandikisha jina lake kwenye orodha ya halmashauri, na zamu yake itakapofika atapewa funguo za nyumba isiyo mbali na kwa mama yake.

FUNGUO ZILIPOADIMIKA

Mwaka 1980 serikali ya Margaret Thatcher ilipitisha sheria iliyompa mpangaji wa halmashauri, akiisha kukaa miaka 3, haki ya kuinunua nyumba anamoishi. Punguzo la bei lilianzia asilimia 33 na kupanda hadi asilimia 50 kadiri ya miaka aliyokaa. Maelfu ya wapangaji wa Barking na Dagenham waliitumia nafasi hiyo, wala si haki kuwalaumu. Kwa familia nyingi za wafanyakazi hiyo ndiyo mali ya kwanza waliyopata kuwa nayo tangu babu zao.

Kasoro ilikuwa upande wa pili wa biashara hiyo. Serikali kuu iliziwekea halmashauri mipaka katika kuzitumia fedha za mauzo kujengea nyumba nyingine mahali pa zile zilizouzwa. Ghala likawa linatolewa nafaka kila siku pasipo mtu kurudisha gunia hata moja. Orodha ya wanaosubiri ikarefuka. Binti aliyeolewa akabaki chumbani kwa mama yake pamoja na mume na mtoto.

Kisha kazi nazo zikapungua. Mwezi Februari 2002 gari la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Ford cha Dagenham, baada ya miaka 71 na karibu magari milioni 11. Utengenezaji wa injini uliendelea, lakini zama za kijana kumfuata baba yake zilikuwa zimekwisha.

Wakati huo huo nyumba nyingi zilizouzwa zilianza kupita mikononi. Aliyeinunua alizeeka au alihama. Aliyeichukua baada yake akaipangisha kwa bei ya soko. Na kwa kuwa nyumba za manispaa hii zilikuwa za bei nafuu kupita za manispaa nyingine za London, watu walizifuata. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika wengi waliodunduliza mishahara yao, wakakopa benki na kununua kama mtu mwingine yeyote. Aidha, halmashauri za sehemu nyingine za London zilipanga nyumba za watu binafsi huko ili kuwaweka watu wao waliokosa makazi.

Sasa mfikirie mama aliyekuwa kwenye orodha kwa miaka mingi. Anachungulia dirishani na kuona familia ngeni ikishusha vyombo mbele ya nyumba ambayo tangu utoto anaijua kuwa ni ya halmashauri. Hajui kwamba nyumba ile iliuzwa zamani, na kwamba mwenye nyumba ni mtu binafsi. Hakuna aliyekuja kumweleza. Anachokijua ni kwamba yeye anasubiri na mwingine ameingia.

UVUMI WAPATA MLANGO

Penye ukimya uvumi hauhitaji mwaliko. BNP ilisambaza karatasi zilizodai kwamba kuna mpango wa siri wa kuwapa Waafrika hadi pauni 50,000 ili wanunue nyumba katika eneo hilo. Mpango huo haukuwapo. Lakini uongo huo uliingia katika jeraha la kweli, na ndiyo maana ulishika. Mtu aliyeulizwa nyumba ilikwenda wapi alikuwa na majibu mawili mbele yake: jibu refu la sheria ya mwaka 1980, ambalo hakuna aliyelileta mlangoni kwake, na jibu fupi la karatasi ile, lililopenyezwa chini ya mlango.

Mwezi Aprili 2006 mbunge wa Barking, Margaret Hodge wa chama cha Labour, alitamka hadharani kwamba katika familia za wafanyakazi wazungu alizozitembelea, 8 kati ya kila 10 zilikuwa zikifikiria kuipigia kura BNP. Alishutumiwa vikali, hata na watu wa upande wake, kuwa anawapigia debe wapinzani. Wiki chache baadaye matokeo yakatoka. BNP, iliyosimamisha wagombea 13 tu, ilipata viti 12 na kuwa chama cha pili katika halmashauri.

Ukitazama nyuma, aibu kubwa zaidi ya siku hiyo haikuwa ya mpiga kura. Chama kilichokuwa kimeishika manispaa kwa zaidi ya miaka 40 kilikuwa kimezoea kushinda pasipo kuulizwa. Katika mitaa mingi wakazi walikuwa wamesahau mara ya mwisho walipobishiwa hodi na mtu wa chama hicho.

MIAKA MINNE YA KUBISHA HODI

Yaliyofuata hayakuwa ya ajabu. Yalikuwa ni kazi. Hodge aliwaandikia wakazi barua na kuwaalika mtaa kwa mtaa waje wazungumze, si kusikiliza hotuba, bali kusema yanayowakera: takataka, magari yaliyoegeshwa ovyo, vijana wasio na kazi, nyumba. Kampeni ya Hope Not Hate, vyama vya wafanyakazi na watu wa makanisa na misikiti walitoa mamia ya watu wa kujitolea waliopita nyumba hadi nyumba.

Kwa upande mwingine, madiwani wapya wa BNP walipewa miaka minne ya kuonyesha wanachoweza. Mwaka 2009 mmoja wao alisimamishwa udiwani kwa muda kwa sababu ya madai aliyoyatoa juu ya mauaji ambayo hayakutokea. Uvumi uliowaingiza ndani ukawa pia sehemu ya aibu yao.

Uchaguzi wa mwaka 2010 ulifanyika siku moja na uchaguzi wa Bunge. Mwenyekiti wa BNP, Nick Griffin, alikuja mwenyewe kugombea ubunge wa Barking. Hodge alipata kura 24,628. Griffin alipata 6,620 akawa wa tatu. Na kwenye halmashauri, kama tulivyokwisha kuona, chama chake kilifagiwa chote.

HESABU INAVYOSEMA

Hapa ndipo msomaji anapaswa kusimama kidogo. Katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka 2005, mgombea wa BNP katika jimbo la Barking alipata kura 4,916, yaani asilimia 16.9. Mwaka 2010 Griffin alipata kura 6,620, lakini hizo zilikuwa asilimia 14.6 tu. Ingawa mipaka ya jimbo ilikuwa imerekebishwa, maana ya tarakimu hizo ni dhahiri. Wafuasi wa BNP hawakuyeyuka. Waliozidi ni wale wengine, ambao miaka ya nyuma walibaki nyumbani na safari hii wakatoka.

Hata hilo halikuwa jambo jipya. Mwezi Septemba 1993, katika kata ya Millwall, pale pale mashariki ya London, BNP ilishinda kiti chake cha kwanza cha udiwani kwa tofauti ya kura 7. Huko pia malalamiko makubwa yalikuwa ya nyumba. Mwezi Mei 1994 diwani huyo aliangushwa, ingawa kura zake ziliongezeka, kwa sababu watu wengi zaidi walijitokeza kupiga kura.

Yatupasa pia kukumbuka utaratibu wenyewe. Katika kata yenye viti vitatu, chama kinachotangulia kwa kura chache tu huweza kuvibeba vyote. Kwa hiyo viti 51 kwa sifuri havina maana kwamba wakazi wote wameridhika.

DENI LILILOBAKI

Labour ilirudia kupata viti vyote 51 mwaka 2014, 2018 na 2022. Mwaka 2014 chama cha UKIP kilipata kura nyingi, lakini hakikupata kiti. Mwaka 2016, katika kura ya maoni ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, asilimia 62.4 ya wapiga kura wa Barking and Dagenham walitaka kutoka, ambapo sehemu kubwa ya London ilitaka kubaki. Manung'uniko, basi, yalikuwa hai. Yalikosa tu kiti cha kukalia ndani ya ukumbi wa halmashauri.

Nao mji uliendelea kubadilika. Katika sensa ya mwaka 2001 wakazi walikuwa wapatao 164,000, na Waingereza weupe walikuwa asilimia 80.9. Mwaka 2011 wakazi walifikia 186,000 na Waingereza weupe asilimia 49.5. Kufikia mwaka 2021 wakazi walikuwa karibu 219,000. Familia zote hizo, nyeusi kwa nyeupe, zinahitaji paa.

Hata walioishinda BNP walibishana juu ya tiba. Mwaka 2007 Hodge alipendekeza kwamba katika kugawa nyumba za halmashauri uzito zaidi upewe muda ambao familia imekaa mahali. Wenzake walimkemea kwamba anatumia lugha ya wabaguzi. Yeye alishikilia kwamba mtu akiona haki katika foleni, hatamchukia aliye mbele yake. Lakini foleni hata ikipangwa kwa haki namna gani, bila nyumba mpya ni foleni tu. Mwaka 2017 halmashauri iliunda kampuni yake, Be First, ili iharakishe ujenzi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Dagenham ulionekana tangu siku nyumba ya kwanza ilipouzwa na nyingine isijengwe mahali pake, na ulikaa wazi miaka 26 kabla ya kura za mwaka 2006. Waliobisha hodi kati ya mwaka 2006 na 2010 waliwazuia wabaguzi wasiingie, nayo ilikuwa kazi ya kusifiwa. Ufa wenyewe huzibwa kwa matofali, na mwenye mwiko ni diwani.